Utafiti wa SUA Morogoro kwa Jicho la Mtumiaji: Panya, Mgunda, Tegu na Kifua Kikuu

Utafiti wa chuo kikuu cha umma ni huduma inayolipiwa kodi, na kwa hiyo mwananchi anayo haki ya kuutathmini kama anavyotathmini hospitali, benki au kampuni ya mabasi. Ugumu uko kwenye kipimo. Vyuo hujipima kwa idadi ya makala zilizochapishwa katika majarida, na wafadhili huvipima kwa ripoti za mwisho wa mradi, lakini vipimo hivyo havimwelezi mkulima wa Mvomero wala mgonjwa anayekohoa Temeke kama kazi hiyo imemfaa kitu. Katika tathmini hii nimekitazama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, ambacho jina lake huwafanya wengi wadhani kwamba kinashughulika na mahindi na ng'ombe peke yake, ilhali utafiti wake umefika hadi kwenye makohozi ya binadamu, virusi vya panya, minyoo ya nguruwe na simu za wahudumu wa afya wa vijijini. Swali nililokipimia ni moja: kazi inayofanyika pale chini ya milima ya Uluguru inamfikia nani, na inamfikia ikiwa katika hali gani?

Ili kuuelewa upana huo, inafaa kukumbuka kwamba chuo hiki hakikuzaliwa na kitivo cha tiba ya binadamu. Kilipoanzishwa rasmi tarehe 1 Julai 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa mwezi Aprili mwaka huohuo, kilirithi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam masomo ya kilimo, misitu na tiba ya wanyama. Madaktari wa watu walikuwa Muhimbili. Kwa hiyo kila hatua ambayo SUA imepiga kuelekea afya ya binadamu imepitia kwa mnyama, mdudu au udongo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu yake kubwa, kwa sababu magonjwa mengi ya vijijini nayo hupita njia hiyohiyo.

Kazi inayostahili kutajwa kwanza ni ya panya shamba, na nitakaa hapo kidogo kwa kuwa ndipo mengi yalipoanzia. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, wamekuwa wakitega panya katika mashamba, kuwapima, kuwatia alama, kuwaachia na kuwakamata tena, msimu baada ya msimu. Ni kazi ya kuchosha isiyo na picha nzuri ya kuonyesha kwenye televisheni. Lakini kwa kuwa haikukatizwa, iliwezesha kulijibu swali ambalo wakulima walikuwa wakijiuliza tangu zamani, kwamba kwa nini mwaka mmoja panya wanaonekana wachache na mwaka mwingine wanafunika shamba zima. Jibu liko kwenye mvua: mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, watoto wao nao huwahi kuzaa, na kufikia msimu unaofuata idadi inakuwa imelipuka. Maana yake ni kwamba mlipuko wa panya unaweza kutabiriwa kwa kutazama vipimo vya mvua, na mkulima anaweza kuonywa kabla hajapoteza mbegu.

Faida ya onyo hilo si ndogo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kuhusu mahindi ya Tanzania yanayoishia kwa panya kila mwaka ni kati ya asilimia 5 na 15, na sehemu kubwa ya hasara hutokea katika siku chache za mwanzo baada ya kupanda, panya wanapofuata mstari wa mashimo na kufukua mbegu moja moja. Mkulima anayeweka sumu baada ya kuona mashimo matupu amekwisha chelewa, na atalazimika kununua mbegu upya. Kwa upande huu utafiti wa SUA naupa alama za juu kabisa kwa ubora wa sayansi. Kwa ufikaji wake siwezi kuupa alama hizohizo, kwa sababu utabiri wa panya haujawa sehemu ya kawaida ya taarifa anazozisikia mkulima redioni kama anavyosikia utabiri wa hali ya hewa, na sioni kikwazo cha kisayansi kinachouzuia usiwe hivyo.

Aliyewakamata panya kwa ajili ya mahindi hakuweza kukwepa kuyaona magonjwa wanayoyabeba. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya kirusi kipya kilichopatikana katika panya shamba wa Morogoro, kikapewa jina la mji huo. Ni ndugu wa kirusi cha Lassa kinachoua watu Afrika Magharibi, ingawa hiki cha kwetu hakijulikani kumdhuru binadamu, jambo ambalo wenyeji wa Morogoro wanaweza kulipokea kwa shukrani huku wakiendelea kuvumilia jina. Bakteria nao wana lao: aina mojawapo ya leptospira iliyopatikana kwa ng'ombe wa Morogoro inaitwa Sokoine katika orodha za maabara za dunia nzima.

Kuhusu leptospira hao, Watanzania wengi waliwasikia kwa mara ya kwanza Julai 2022, pale ugonjwa usiofahamika ulipozuka mkoani Lindi, watu wakatokwa damu puani, na Wizara ya Afya ikatangaza baada ya uchunguzi kwamba ulikuwa homa ya mgunda, ambayo ndiyo inayoletwa na leptospira. Kwa wananchi ulikuwa ugonjwa mpya. Kwa maabara za Morogoro ulikuwa ugonjwa uliokwisha kuchunguzwa kwa miaka mingi, kwa panya, ng'ombe, nguruwe na hata kwa watu, na njia yake ya kuambukiza ilikuwa inajulikana vizuri: mkojo wa mnyama mwenye vimelea unaingia kwenye maji au matope, na mtu anayetembea peku humo, hasa mwenye mchubuko mguuni, anaambukizwa. Hapo ndipo mtumiaji wa huduma anapopata haki ya kulalamika. Elimu iliyokuwapo kwenye makabati ilihitaji mlipuko na vifo ili itoke.

Si kosa la chuo peke yake. Nimewahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya, ambacho hakina haja ya kutajwa, nikasikia kila aliyeingia na homa akiulizwa tu kama amekwisha meza dawa ya malaria. Utafiti uliofanywa Moshi kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya 2007 na 2008 ulionyesha kwamba asilimia 60.7 walidhaniwa na madaktari kuwa na malaria, wakati waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6 tu, na kwamba magonjwa yatokayo kwa wanyama, mgunda ukiwemo, yalikuwa na fungu kubwa katika homa hizo. Takwimu hizo zinaeleza vizuri kuliko maneno yangu kwa nini taifa linahitaji chuo cha mifugo kinachofanya utafiti wa homa za watu.

Mfano mwingine wa mchanganyiko huo, ambao nadhani haujasifiwa vya kutosha, ni ule wa tauni katika wilaya ya Lushoto, iliyoanza kuripotiwa mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara katika baadhi ya vijiji huku vijiji jirani vikipona. Wataalamu wa udongo na mandhari wa SUA walikwenda Usambara pamoja na wataalamu wa panya na viroboto ili kutafuta kwa nini ugonjwa unachagua mlima huu na kuuacha ule. Mtu wa udongo kuitwa kwenye ugonjwa wa watu ni jambo ambalo hospitalini lingeonekana kichekesho, lakini kiroboto huishi shimoni kabla hajafika kitandani, na shimo limechimbwa kwenye udongo wa aina fulani, katika mwinuko fulani, karibu na shamba la mazao fulani.

Sasa nije kwa wale walioipa Morogoro umaarufu kuliko profesa yeyote. Panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu wako chini ya APOPO, shirika lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens katika miaka ya 1990 na kuhamia Morogoro mwaka 2000 kwa ushirikiano na SUA na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Naomba msomaji azingatie ushirikiano huo, kwa kuwa wageni wengi huondoka wakidhani panya ni mali ya chuo, na wengine huondoka wakidhani chuo kimetoa kiwanja tu. Yote mawili si kweli. Chuo kilikuwa na watu waliokwisha kumjua panya kwa undani, na bila ujuzi huo wazo la Weetjens lingebaki wazo.

Mafunzo ya kugundua mabomu hufanyika asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, kwa kuwa panya buku ni mnyama wa usiku, na walezi wake humpaka mafuta ya kuzuia jua masikioni na mkiani kama mama anavyompaka mtoto mchanga. Anafungwa mkanda wa kifuani, mkanda unapitishwa kwenye kamba iliyoshikwa na watu wawili waliosimama pande mbili za kipande cha ardhi, naye anakwenda huku na huku pua ikiwa chini. Akinusa baruti anakwaruza. Mlezi anabonyeza kidude kinachotoa mlio, na panya anakimbilia ndizi yake. Kwa kuwa uzito wake ni kilo moja na kitu, bomu la ardhini halilipuki akilikanyaga, na eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kunasia chuma huweza kuifanya kwa siku hadi 4, kwa sababu kifaa humsimamisha kwa kila msumari na kila kizibo cha soda.

Matokeo yake yameonekana mbali na Morogoro. Msumbiji, ambako panya hawa walifanya kazi kwa miaka, ilitangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia 2016, alitunukiwa medali ya dhahabu ya ushujaa na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020, akiwa panya wa kwanza kuipata, na aliyemfuatia kwa sifa, Ronin, aliingizwa katika rekodi za Guinness mwaka 2025 kwa kugundua mabomu 109 ya ardhini huko Kambodia. Hivi karibuni wenzao wamefundishwa pia kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu na mbao za mpingo zinazofichwa kwenye mizigo.

Kwa msomaji wa Tanzania, hata hivyo, chumba muhimu zaidi ni kile cha kifua kikuu, na hicho ndicho ningemshauri mgeni akitazame kwa makini. Panya anaingizwa kwenye kizimba kirefu cha vioo chenye matundu sakafuni. Chini ya matundu inasukumwa reli iliyopangwa sampuli 10 za makohozi, ambazo zimekwisha kupashwa moto ili vimelea vife. Kifuniko cha tundu kinavutwa, panya anaingiza pua, anaiondoa, anahamia tundu linalofuata kwa haraka ya kushangaza. Kisha kwenye tundu moja anaganda, pua ikiwa palepale, makucha yakikwaruza ukingo, kwa muda wa sekunde 3. Mtaalamu anaandika. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalioni: si kila akiganda hupewa chakula. Katika reli huwekwa sampuli ambazo hospitali imekwisha kuthibitisha kuwa zina kifua kikuu, na ni kwa hizo tu ndipo analipwa, kwa sababu zile nyingine hakuna aliyepo chumbani anayejua ukweli wake, na kumlipa panya kwa kubahatisha ni kumfundisha uongo.

Kwa dakika 20 panya mmoja hupitia sampuli 100, ambazo mtaalamu wa maabara mwenye hadubini angezichunguza kwa siku zipatazo 4. Sampuli ambayo panya ameitilia shaka hupimwa tena kwa hadubini ya kisasa, kwa hiyo panya hatoi hukumu ya mwisho, na anayesema kwamba Morogoro wanatibu watu kwa kufuata pua ya panya anasema asilolijua. APOPO inaeleza kwamba kwa njia hii idadi ya wagonjwa wanaogunduliwa katika kliniki inazoshirikiana nazo huongezeka kwa takriban asilimia 40. Takwimu hiyo naiheshimu, ila isomwe kwa uangalifu, kwa kuwa inatokana na kulinganisha na kliniki ambazo kipimo chao kikuu kilikuwa hadubini ya kawaida. Kadiri mashine za kupima vinasaba vya vimelea zinavyosambaa, ndivyo nyongeza ya panya inavyopaswa kutarajiwa kupungua, na sidhani kwamba kulisema hilo kunawavunjia heshima panya au walezi wao.

Sehemu ngumu ya huduma hii haiko kwenye kizimba. Mgonjwa aliyeambiwa hospitalini kwamba hana kitu amekwisha rudi nyumbani, pengine amehama, pengine namba ya simu aliyoiacha ni ya jirani. Kumtafuta na kumwambia kwamba majibu yamebadilika ni kazi ya watu wanaojitolea, wengi wao wakiwa wamewahi kuugua kifua kikuu na kupona, na kwa tathmini yangu hao ndio wanaoifanya huduma yote iwe na maana. Panya huonyeshwa kwenye vipindi vya televisheni. Wao hupanda bodaboda kwenda Mbagala.

Nikiacha panya, kazi ya tegu ya nguruwe iliyofanywa na watafiti wa SUA huko Mbulu ni mfano mzuri wa utafiti usiohitaji mashine. Minyoo hii humpata nguruwe anayekula kinyesi cha mtu mwenye tegu, kisha mtu akimeza mayai yake, viluwiluwi huweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa, ambacho katika vijiji vingi bado kinahusishwa na ushirikina. Walichojaribu ni elimu: kuwafundisha wafugaji mzunguko huo, umuhimu wa choo na wa kuwafungia nguruwe. Maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua. Mambo ya maharage, kwa upande mwingine, sitayachambua hapa, ingawa anayekula maharage ya Rojo au SUA 90 amekula matunda ya utafiti huohuo bila kujua.

Kituo cha SACIDS kilichoko chuoni, kinachoshughulika na magonjwa ya kuambukiza chini ya mtazamo wa Afya Moja, yaani kuitazama afya ya watu, wanyama na mazingira kwa pamoja, kimetengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData. Mhudumu wa kijijini, tuseme wa Ngorongoro ambako mfugaji na mifugo na nyumbu wanakunywa maji mamoja, anaandika kwenye simu alichokiona, kwamba mbuzi wametoa mimba ovyo au watu watatu wa boma moja wanaharisha, na taarifa hiyo huwafikia kwa pamoja maofisa wa afya na wa mifugo. Naipenda kwa sababu inavunja ukuta kati ya wizara mbili ambao mgonjwa hana habari nao. Wasiwasi wangu ni ule wa miradi yote ya simu: vocha, chaji, na nani atalipia seva mfadhili akiondoka.

Wasiwasi huo unakihusu chuo kizima. Vituo viwili vya umahiri vilivyoko SUA, hicho cha magonjwa ya kuambukiza na kile cha udhibiti wa panya na teknolojia ya vitambuzi vya kibayolojia, vilijengwa kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia, na kazi nyingi za shambani zimesimama kwa fedha za Ulaya. Wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi mbalimbali za Afrika wamesomeshwa humo, na hilo si jambo la kubeza. Lakini utegaji panya wa miongo kadhaa ulifanikiwa kwa sababu haukukatizwa, na mradi wa miaka mitano hauwezi kuahidi hivyo.

Upungufu wa pili ni lugha. Makala karibu zote za afya nilizozitaja hapa zimeandikwa kwa Kiingereza, zimesomwa na wahakiki wa nje, na mfugaji wa Mbulu aliyechangia nguruwe wake hawezi kuzisoma. Kuna juhudi: Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine ina mkusanyiko uitwao Mkulima wenye vijitabu vya Kiswahili vya kilimo na ufugaji, na redio ya chuo, SUA FM, huwahoji watafiti. Vijitabu vya kufuga kuku na kulima bustani ni rahisi kueleweka. Ningependa kuona mgunda, tegu na utabiri wa panya vikiandikwa kwa wingi uleule na kwa Kiswahili kilekile.

Anayetaka kujionea mwenyewe ana njia kadhaa. Banda la chuo kwenye maonyesho ya Nane Nane mjini Morogoro linafaa kwa mkulima mwenye swali mahususi, kwa sababu mtafiti yupo pale na anajibu kwa Kiswahili. Kituo cha mafunzo ya panya hupokea wageni wanaopanga ziara mapema, na inafaa kufika asubuhi, kwa kuwa mchana panya wamelala. Mwenye mbwa, ng'ombe au mbuzi anayeumwa anaweza kumpeleka katika hospitali ya rufaa ya wanyama iliyoko chuoni, ambako wanafunzi hujifunza na mnyama hutibiwa. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asiende Morogoro kutafuta panya. Aende kliniki iliyo karibu naye akatoe makohozi, kwani kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kama kliniki hiyo ni miongoni mwa zinazoshirikiana na Morogoro, sampuli yake itafika kizimbani bila yeye kulipa nauli. Aache namba ya simu inayopatikana.